Simu inashika Handeni, Houston haishiki

Jamani mnisikilize mwenzenu, hapa nilipo nimeshika simu ya yuro mia sita na kazi yake ni kuangalia saa tu, na hiyo saa yenyewe ni ya Ujerumani.

Niko Houston kwa kaka, mtoto wa mama mkubwa, nimetoka Hamburg nimekuja wiki mbili. Kabla sijapanda ndege nikamwambia kaka usihangaike, nikitua tu nakupigia. Na nilijiamini kweli kwa sababu simu hii hii mwaka jana niliipeleka Handeni kijijini kwa bibi, kule kuchaji unampelekea jirani mwenye sola, ikashika mtandao mpaka chooni. Sasa kama Handeni imeshika, Houston itaachaje?

Nikatua, nikawasha, roaming, ile ya kutumia laini yako nchi za watu, nikaiwasha mwenyewe kwa mkono wangu. Meseji ya karibu Marekani ikaingia. Bado nipo foleni ya paspoti ikaingia ya pili, eti umefikia yuro 59 na senti 50, intaneti tumekata. We, nimefungua nini mimi? Kumbe simu imekaa mfukoni inapandisha video za ubatizo wa mtoto wa jirani, zote, na ile ya mchungaji akikohoa. Tatizo Ulaya imetudekeza, tangu 2017 bando lako unatembea nalo Ureno mpaka Finland kama uko sebuleni kwako, mtu unasahau kwamba Marekani sio Umoja wa Ulaya.

Haya, nimpigie basi kaka. Haitoki. Vijiti vya mtandao vimejaa vinne, napiga, inakata, napiga, inakata. Nikazunguka uwanja wa ndege saa nzima na begi, mwisho nikamuona kaka mwenyewe amesimama ananiangalia tu, anasema nimekupigia mara kumi na moja.

Kesho yake tukaenda kununua laini. Kijana wa dukani akaniambia bonyeza nyota reli sifuri sita reli, ikatoka namba ndefu ya kuitambulisha simu, akaiingiza kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa kama daktari. Simu haipo kwenye orodha. Orodha gani tena bwana? Akanielezea, kaka akawa ananifafanulia, kwamba siku hizi sauti nayo inapita kwenye 4G, mtandao ule ule wa intaneti, wanaiita VoLTE, na kampuni inakubali simu ilizozipima yenyewe tu. Mitandao ya zamani ni 3G na 2G; Ujerumani 3G walizima 2021 lakini 2G wakaiacha, kwa hiyo simu ikishindwa kule juu inashuka chini inaongea. Hapa kampuni tatu kubwa zote zilizima 3G 2022, simu yangu ikitaka kushuka hamna pa kukanyagia. Yaani nimesimama pale na simu yangu kama mtu aliyekuja ukumbini hajachangia harusi, suti anayo, kadi hana.

Tukaenda duka la kampuni nyingine, hao wakaipokea. Nikafurahi. Ikaongea vizuri tu pale mlangoni, kufika nyumbani chumba cha nyuma ikafa. Kumbe kuna na habari ya masafa, sio umbali, ni yale mawimbi ya hewani ambayo simu inasikiliza. Toka enzi za 2G Ulaya na kwetu Afrika Mashariki tunatumia megahezi 900 na 1800, wao wakajichukulia 850 na 1900. Hata hii 4G, yale masafa ya chini yanayopenya ukuta wao wanayo ya 600 na 700 ambayo simu yangu haiyajui kabisa. Hawa watu maili zao, farenhaiti yao, umeme volti 120 na soketi zake za ajabu, na mawimbi ya hewani nayo wana ya kwao! Basi ikawa nikitaka kuongea natoka nje, jua la Houston la mwezi wa saba, nimeinua simu juu kama tulivyokuwa tunapanda kichuguu kutafuta mtandao. Wajukuu wa bibi huko Handeni wangeniona wangecheka mpaka wakae chini.

Shemeji akanionea huruma, akaniazima simu ya zamani ya mwanae, kioo kimepasuka, ila laini ikashika mpaka jikoni. Sasa mi kwa ubahili nilichukua kifurushi cha dakika za kuhesabu. Rafiki yake shemeji akanipigia kunisalimia, mama wa Tanga huyo, salamu dakika arobaini, habari za safari, za Ujerumani, za baridi. Kukata, dakika zangu arobaini hazipo. Nimepigiwa mimi! Kumbe huku anakatwa anayepiga na anayepokea. Mtu nimekua kwa kubipu, sheria naijua, unabipu mwenye hela anapiga, leo napokea salamu kwa hela yangu? Siku hizi namba ngeni naiangalia tu mpaka inyamaze.

Jana usiku saa tatu tupo mezani, ubwabwa na samaki, wageni wamejaa, ile simu yangu ya yuro mia sita ikaanza kulia kabatini. Nyumba nzima ikapiga kelele, shemeji kasimama, watoto wanakimbia, imeshika, imeshika, pokea haraka kabla haijakata!

Alamu. Saa kumi alfajiri Hamburg, inaniamsha niwahi zamu.