Majid hakubeba hata jiwe

Nimesoma makala moja inayosema Sultani Majid wa Zanzibar "alijenga" Boma la Kale, lile jengo la mawe hapa Dar, miaka ya 1860. Haya. Na matumbawe nani aliyavunja, chokaa nani aliichoma, boriti za mikoko nani alizibeba begani? Hao hawakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Chukueni neno kibarua tu. Ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Kule Unguja karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na jioni sehemu ya ujira inakwenda kwa bwana. Leo Kariakoo tunasema "naenda kibaruani" bila kuwaza. Tanganyika yenyewe utumwa ulifutwa kisheria 1922, si zamani hivyo jamani!