Perpetua hakuficha kwamba aliogopa

Kitabu cha tafakari ninachompendekezea kila mama anayeniuliza asome nini kiliandikwa gerezani, mjini Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203. Mwandishi wake alikuwa na umri wa miaka kama 22, ameolewa, amesoma, na ana mtoto wa kiume ambaye bado ananyonya. Jina lake Vibia Perpetua. Alikuwa mkatekumeni, yaani anayefundishwa imani kabla ya ubatizo, akakamatwa pamoja na wenzake kwa ajili ya Ukristo, akabatizwa akiwa tayari chini ya ulinzi, na humo kizuizini akaandika yaliyokuwa yakimpata. Ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia, na yametoka Afrika.

Sisi Wakatoliki jina lake, na la Felista aliyeuawa pamoja naye, tunayo midomoni. Ni parokia chache utakazokosa mama Perpetua au bibi Felista, na padre akitumia Sala ya Ekaristi ya Kwanza huwataja wote wawili altareni. Lakini ukiuliza huyo Perpetua alisema nini, utajibiwa kwamba alitupiwa wanyama wakali, basi. Tumekishika kifo chake tukayaacha maneno yake. Jambo hili linaniuma, kwa sababu maneno yake ndiyo dawa ya kitu kinachokosekana katika vitabu vingi tunavyowauzia wanawake leo.

Nenda kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa lolote la mjini Jumapili ibada ikiisha. Vya akina mama utavijua kwa jalada: maua, rangi ya waridi, Biblia iliyofunguliwa kando ya kikombe. Ndani kuna mstari wa Maandiko, kisa kifupi, sala, halafu nafasi tupu ya kuandika yaliyokugusa. Vingi vimetafsiriwa kutoka Marekani, vingine vimeandikwa na wachungaji wa kike wa hapa hapa. Sivibezi hata kidogo. Nimewaona akina mama wakivisoma ndani ya daladala alfajiri, kurasa zimekunjwa pembe, wino umepigwa chini ya sentensi moja iliyowasogeza mpaka jioni. Kitabu kinachomwinua mtu hivyo kina kazi yake mbele za Mungu.

Ila angalia kile kisa cha katikati. Karibu kila mara kina mwendo uleule: nililia, nikaomba, Mungu akajibu. Machozi yanaanza aya ya kwanza na kukaushwa aya ya tatu. Mwanamke anaruhusiwa kusema ameumia mradi awe amekwisha kupona. Anaruhusiwa kusimulia miaka ya kutopata mtoto akiwa amempakata mtoto. Nao wanawake wengi wanaokinunua kitabu hicho bado wamo katikati. Ndoa haijatengemaa, majibu ya hospitali hayajatoka, kijana hajarudi nyumbani. Wakimaliza kusoma wanajiuliza wana kasoro gani wao, mbona upenyo wa mwenzao ulikuja na wa kwao hauji.

Perpetua aliandika akiwa katikati. Maelezo yake yanakomea siku ya kuamkia kiwanja cha michezo, alikopelekwa kutupiwa wanyama, na anafunga kwa kusema kwamba yatakayotokea huko, atakaye na ayaandike. Hakuwa na ushuhuda wa kukamilisha. Alikuwa na siku ya leo tu, na aliisema ilivyo.

Siku ya kwanza gerezani anasema aliogopa sana, kwani hakuwahi kuingia katika giza la namna ile. Anataja joto, msongamano wa watu, askari wanaowanyanyasa ili wawatoe fedha. Juu ya hayo yote, anasema, alikuwa akiteseka kwa wasiwasi wa mtoto. Mashemasi wawili, Tersio na Pomponio, wakatoa kitu kidogo ili wafungwa wapewe saa chache katika sehemu yenye nafuu. Hapo akamnyonyesha mwanawe, ambaye alikuwa amekwisha kulegea kwa njaa. Baadaye akaruhusiwa kukaa naye humo, na ghafla gereza likawa kwake kama ikulu, hata hakutaka kuwa mahali pengine. Mwanamke yeyote aliyenyonyesha anauelewa ukurasa huu bila mhubiri. Hakuna mahali anapojifanya kwamba imani ilimwondolea hofu ya mama. Hofu na imani viko katika aya moja.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni habari za baba yake. Mzee huyu hakuwa Mkristo, na alimpenda binti huyu kuliko watoto wake wengine. Alipomfuata kumshawishi aikane imani, Perpetua alimwonyesha mtungi uliokuwa pale akamuuliza kama waweza kuitwa kwa jina lingine zaidi ya kile ulicho. Baba akasema hapana. Basi, akasema, nami siwezi kujiita kitu kingine ila kile nilicho: mimi ni Mkristo. Mzee akamrukia kana kwamba atamng'oa macho.

Siku hizi tunahubiriwa sana kuwa halisi, kuwa wewe mwenyewe, kujikubali. Mengi ya hayo yanaishia kwenye nywele, umbo na kujiamini mbele ya kamera. Perpetua alikuwa halisi kwa kukataa kutajwa kwa jina lisilo lake, mbele ya mtu aliyempenda kuliko wote, akijua gharama yake. Vitabu vyetu vingi havithubutu kumfikisha mwanamke huko, maana mwanamke wa namna hiyo si rahisi kumwongoza.

Halafu anaandika jambo ambalo mhariri wa leo angelifuta. Baba alipoondoka na kukaa siku kadhaa bila kurudi, Perpetua alimshukuru Mungu, na anakiri kwamba kutokuwepo kwake kulimburudisha. Nilipolisoma mara ya kwanza nilisimama nikalirudia. Shahidi wa imani, mtakatifu wa kalenda, anashukuru kupumzishwa na baba yake mzazi! Wala hakumchukia. Baadaye, gavana Hilariano alipoamuru mzee yule apigwe fimbo hadharani, Perpetua anasema aliumia kana kwamba kapigwa yeye. Nafuu na upendo vilikaa katika moyo mmoja, naye hakuona haja ya kuchagua kimoja ili aonekane mcha Mungu.

Linganisha na ushauri anaoupata mama anayepigwa nyumbani. Viko vitabu, na viko vipindi vya redio, vinavyomwambia aombe zaidi, anyenyekee zaidi, apike vizuri zaidi, mume atabadilika. Akisema siku ambazo mume yuko safarini ndizo anazolala usingizi, anaonekana amekosa roho ya ndoa. Mimi naamini ushauri huo umeumiza wanawake, na umewahi kuwazuia kutafuta msaada mapema. Sala haimkatazi mtu kusema anapumua vizuri akiwa mbali na fimbo. Kwenye maandishi haya ya mwaka 203 nafuu hiyo imeandikwa kama shukrani kwa Bwana.

Najua watakaonijibu kwamba maneno huumba. Nimelisikia hili jumuiyani mara nyingi: usitamke udhaifu, utauita, usiseme unaumwa, sema umepona. Wanaosema hivyo wanampenda Mungu na wanawapenda wenzao, nami siwadharau. Lakini Biblia yenyewe haikuwafunga wanawake midomo hivyo. Naomi alirudi Bethlehemu hana mume wala wana, akawaambia wanawake wa mji, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," akisema Mwenyezi amemtenda machungu. Hatusomi kwamba kuna aliyemkemea avunje maneno hayo. Hana aliomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na mwenye kujirekebisha baadaye alikuwa kuhani. Na Perpetua, aliyelitaja giza kwa jina lake, hakuanguka. Gavana alipomuuliza, "Wewe ni Mkristo?" alijibu kwamba ni Mkristo.

Wako wengine waliofuata njia hiyo. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1515, aliandika maisha yake kwa agizo la waungamishi wake, na humo anakiri kwamba kwa miaka alitamani saa ya sala iishe, akawa anasikiliza zaidi kama saa inagonga. Kitabu hicho kilishikiliwa na Baraza la Uchunguzi wa Imani, mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi, na kilichapishwa mwaka 1588, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Kwa upande wa Waprotestanti, Corrie ten Boom wa Uholanzi alisimulia jinsi mwaka 1947, baada ya kuhubiri msamaha mjini Munich, alivyofuatwa na mtu aliyewahi kuwa mlinzi katika kambi ya Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi ambamo dada yake Betsie alifia. Yule mtu akanyosha mkono. Corrie anasema wake haukuinuka. Ilibidi aombe hapo hapo, kwa sababu ndani hakukuwa na upendo wowote. Nimesikia kisa hiki kikihubiriwa, na mhubiri akaruka moja kwa moja kwenye kupeana mikono. Zile dakika za mkono uliokataa ndizo zingemsaidia mama aliyekuwa ameketi nyuma yangu akifuta macho kwa khanga.

Kuna jambo kwa Perpetua linalonipa shida, na sitalizunguka. Alimwacha mtoto. Baba alimsihi kwa mvi zake, gavana akamsihi kwa utoto wa mwanawe, naye akakataa kutoa dhabihu kwa ajili ya wafalme wa Roma. Mwishoni baba hakumrudishia mtoto, na Perpetua anaandika kwamba kwa mapenzi ya Mungu mtoto hakutaka tena ziwa, wala matiti yake hayakuvimba kwa homa. Mume hatajwi na yeye mahali popote. Siwezi kusoma sehemu hii nikiwa mtulivu, na nisingependa mtu aitumie kumwambia mwanamke kwamba watoto wake ni kikwazo cha wito. Kinachonituliza kidogo ni kwamba hata hapo hakuandika kwa majivuno. Alihesabu maziwa na homa kama anavyohesabu mama yeyote anayemwachisha mtoto kwa ghafla.

Na Felista, aliyekuwa mtumwa, hakuacha maandishi; habari zake ziliongezwa na aliyemalizia kitabu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na sheria haikuruhusu mjamzito auawe, hivyo akahofia kuachwa nyuma ya wenzake. Alijifungua gerezani siku chache kabla ya siku ya kuuawa. Akiwa katika uchungu, askari mmoja akamkejeli: unalia hivi sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Akajibu kwamba mateso ya sasa anayateseka yeye, ila huko atakuwapo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye anateseka kwa ajili ya huyo. Alipiga kelele za uchungu na alikuwa na imani. Mtoto wa kike akachukuliwa na dada mmoja Mkristo, akamlea kama wake. Natamani jibu hili lingesomwa kwenye mafunzo ya akina mama wajawazito makanisani, badala ya kuwaambia kwamba mwanamke wa imani hujifungua kimya.

Waandishi wetu wana cha kujifunza hapa. Mwaka 1989, Legon nchini Ghana, Mercy Amba Oduyoye na wenzake walizindua umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika ili wanawake wa bara hili waandike na kuchapisha wenyewe. Kazi yao imezaa vitabu, lakini vingi ni vya Kiingereza na vya vyuoni. Kwa Kiswahili, ukweli wa wanawake waamini uko zaidi midomoni: kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye vikoba, jikoni wakati wa msiba, mabibi wakimenya vitunguu saa tisa usiku. Huko hakuna anayengoja mwisho mzuri ndipo aseme. Wachapaji wa vitabu vya dini wakae huko na kalamu, wamwombe mama ruhusa, wayaandike maneno yake bila kumwongezea aya ya ushindi ambayo hajaifikia. Yeye mwenyewe akitaka kuandika, asingoje jambo liishe.

Sikukuu ya Perpetua na Felista ni tarehe 7 Machi, siku waliyouawa, mkesha wa Siku ya Wanawake Duniani na karibu na ile Ijumaa ya kwanza ya Machi ambayo wanawake wa madhehebu mbalimbali husali pamoja. Kwenye makanisa ya Afrika ya Kaskazini maandishi haya yalisomwa kwa sauti mbele ya waumini, na Augustino, askofu wa huko, alihubiri katika sikukuu yao. Nasi tunaweza. Sehemu aliyoiandika mwenyewe, sura ya 3 mpaka ya 10, ni fupi, haimalizi nusu saa ikisomwa polepole, na tafsiri za Kiingereza zinapatikana bure kwenye intaneti. Anayejua lugha awafasirie wenzake aya kwa aya. Wakati ukiwa mdogo, someni sura ya 3 peke yake, yenye mtungi, giza na mtoto, kisha waacheni akina mama waseme, na kiongozi asiwe na haraka ya kufunga kwa sala.