Mtoto Apimwe Selimundu Kabla Hajaumwa

Mwaka 2020 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuvumbua CRISPR, mbinu ya kukata jeni mahali hasa panapokusudiwa, na kabla mwaka 2023 haujaisha, Uingereza na Marekani zilikuwa zimeidhinisha tiba ya kwanza itokanayo na mbinu hiyo, ambayo hutibu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sisi wakazi wa Kisumu, ambako ugonjwa huu si mgeni, tuna kila sababu ya kufurahia habari hiyo.

Naifurahia zaidi kwa kuwa elimu hii ina mizizi kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali za nchi hii mwaka 1949, akakuta jeni ya selimundu imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu ni adimu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye huugua: chembe zake nyekundu hupinda, zikakwama katika mishipa myembamba, na mara nyingi dalili ya kwanza ni mtoto mchanga kuvimba viganja na nyayo, akalia kila anapoguswa, huku mama akishauriwa na majirani amkande kwa maji ya moto.

Tiba mpya huchukua chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe na kuzirekebisha maabarani ili zirudie kutengeneza himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mamaye. Katika jaribio lililotangulia idhini, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila maumivu makali. Hata hivyo, nchini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kurudishiwa chembe hizo lazima uboho wake usafishwe kwa dawa kali, jambo linalomlaza hospitalini kwa wiki kadhaa.

Kwa maoni yangu, kaunti zetu za ziwani zisikae kungojea bei hiyo ishuke. Haidroksiyurea, ambayo ni kidonge cha kumeza, huongeza himoglobini ileile, na utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Angola na Kongo, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba inawafaa watoto wa Afrika, maumivu yakapungua na hata malaria ikapungua. Penisilini ya kila siku nayo huwakinga wadogo dhidi ya nimonia. Lakini vyote hivyo havimfai mtoto ambaye hajulikani kuwa mgonjwa, na hapo ndipo tunapowapoteza.

Basi kila mtoto anayeletwa kuchanjwa akiwa na wiki sita achomwe kisigino, tone la damu likaushwe kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara, kisha jibu liandikwe katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Atakayeanzishiwa haidroksiyurea atahitaji damu yake ihesabiwe mara kwa mara, kwa hiyo bajeti ya kaunti itenge fedha za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, pamoja na za dawa, na vipimo hivyo vifanyike katika hospitali ya kaunti ndogo, ili mzazi wa Nyakach au Muhoroni asilazimike kulipa nauli hadi mjini kila mwezi.