Kabla ya kutulaumu tuliotoka, someni ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) ya zahanati yenu

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma. Mjadala wa upungufu wa watumishi wa afya ukipamba moto, sisi tulioko nje hatukosi kutajwa: tumesomeshwa kwa kodi ya Mtanzania, tukaenda kuhudumia Wazungu. Mimi ni muuguzi, mtoto wa Mpwapwa, nafanya kazi England. Lawama naisikia, ila imebisha hodi nyumba isiyo yake.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza imejizuia kwenda kusaka wafanyakazi katika nchi hizo. Anayekuja kajiombea mwenyewe. Mbona ajiombee, wakati zahanati za Bahi na Chamwino zinamhitaji? Kwa sababu kuhitajika si kuajiriwa. Kijana ana cheti, ana leseni, halafu anasubiri kibali cha ajira kitoke, nafasi zitangazwe, aombe, jina lisitoke. Anajitolea hospitali ya wilaya kwa nauli tu, mwisho unamkuta anauza kwenye duka la dawa muhimu.

Mnakumbuka 2017? Madaktari wa Kenya waligoma, Serikali yetu ikakubali kuwapelekea 500. Kesi ikafunguliwa huko Kenya, mpango ukakwama, na Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wameomba kwenda waajiriwe hapa hapa. Tulipiga makofi. Lakini hao 258 walikuwa wapi siku zote? Walikuwa mtaani, na wodi zikiwa tupu.

Huku nako si peponi. Juni 2023 NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, ilitangaza mpango wa kuongeza maradufu nafasi za kusomea udaktari zifike 15,000 ifikapo 2031/32, na kupunguza kutegemea watu wa nje. Kufika 2025 wauguzi wapya, tena wazawa, wakawa wanalia hakuna ajira, hadi Agosti serikali ikatoka na ahadi maalumu ya kuwatafutia kazi. Tatizo ni lile lile la kwetu: darasa limepanuliwa, bajeti ya mishahara haikupanuliwa nalo. Tofauti ni kwamba huku kelele zilisikika haraka.

Zilisikika kwa nini? Mshahara wetu ni mkubwa, sidanganyi, ingawa kodi ya nyumba inaumeza. Ila kitu ninachokitamani zaidi nyumbani ni ubao. Kwenye wodi za huku kuna ubao unaoonyesha zamu ya leo ilipangiwa wauguzi wangapi na waliofika ni wangapi. Ndugu wa mgonjwa anausoma, anauliza. Muuguzi akichelewa kuja na dawa, mtu anajua kama ni uvivu au yuko peke yake na wagonjwa kibao.

Kwetu ikama ipo, lakini inakaa kwenye faili la halmashauri. Tangu MMAM ya 2007, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, iliyotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, tumejenga kweli kweli. Majengo mazuri, ndani nesi mmoja, na akienda semina mlango unafungwa. Mwanakijiji anamtukana nesi. Sasa wanakuja wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Mpango naupenda. Watamgundua mapema mjamzito mwenye dalili za hatari, watampa rufaa. Kwa nani? Na Bima ya Afya kwa Wote ikishika kasi, foleni itaongezeka mbele ya nesi yule yule.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na gharama yake ni rangi na brashi. Kila zahanati ya mkoa huu iandike ukutani: ikama inataka wangapi, waliopo wangapi, nyumba za watumishi ngapi. Bunge liko hapo hapo Dodoma; mbunge akipita Chamwino au Kongwa asome mwenyewe, kisha aende kuuliza kibali cha ajira kimekwama meza ya nani.