Mlima hausomwi kwa miti peke yake

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 hapa Nairobi. Wengi wetu tukifungua mfereji tunapata maji ya milima ya Aberdare, yaliyopitia bwawa la Ndakaini au Sasumua. Kwa hiyo namna mlima unavyochunguzwa inatuhusu hata sisi tusioupanda.

Wapo wataalamu wanaotaka takwimu za watu zisomwe pamoja na zile za mazingira, nami naona wana hoja. Setilaiti zimekuwa zikipiga picha za misitu tangu miaka ya 1970. Zinaonyesha miti ilipotoweka, hazionyeshi aliyeikata wala shida iliyomsukuma. Sensa nayo huuliza kaya inapikia nini, ila haifuati kuni hadi msituni. Hata rangi ya kijani hudanganya: majani ya chai yaliyopandwa kandokando ya misitu chini ya mpango wa Nyayo, ulioanza 1986, si msitu, na mchumaji wa chai hahitaji kuambiwa hivyo.

Lakini kuziunganisha si kazi nyepesi. Sensa hufuata mipaka ya utawala, maji hufuata mteremko. Kule Murang'a chai iko juu na kahawa chini. Ukichukua wastani wa eneo zima, wakulima wa aina mbili wanageuka mtu mmoja ambaye hayupo.

Linalonitia hofu zaidi ni lawama. Ukiweka nukta za nyumba juu ya ramani ya msitu ulioharibika, jicho humhukumu aliye karibu. Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, wanalijua hilo: walifurushwa kwa jina la uhifadhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Haikuona ushahidi kwamba wao ndio walioumaliza msitu; ilitaja uvamizi wa watu wengine na serikali yenyewe kumega ardhi ya msitu.

Kwangu mimi, kesi hiyo haipingi kuunganisha takwimu. Inaonyesha kilichokosekana: kumbukumbu za nani aligawiwa ardhi, lini, na kwa saini ya nani. Hizo nazo ni takwimu za jamii, tena muhimu kuliko idadi ya nyumba. Na ramani ya namna hiyo ikichorwa, ningependa isomwe kwanza kwenye baraza la wanaoishi juu ya Ndakaini, waisahihishe, ndipo iletwe kwenye ofisi za Nairobi.