Nafasi za tarakimu: vijiti au shilingi?

Waambie watoto wa darasa la pili waandike mia tatu na tano, na wapo watakaokuandikia 3005. Mtoto kasikia mia tatu, kaandika 300. Kasikia tano, kaibandika mwishoni. Si uzembe, kaandika kama alivyosikia. Asichokijua bado ni kwamba tarakimu hupata thamani yake kutokana na mahali ilipokaa, na kwamba sifuri ya katikati inashikilia nafasi ya makumi yasiyokuwepo.

Njia iliyozoeleka ya kumfundisha hilo ni vijiti. Kumi vinafungwa fungu moja, mafungu kumi yanafungwa tena, ndiyo mia. Hapa Moshi kamba ya mgomba haina bei, kwa hiyo gharama si hoja. Uzuri wake ni kwamba akitakiwa kutoa 7 kwenye 32, mtoto analifungua fungu moja kwa mkono wake mwenyewe, vijiti viwili vinakuwa kumi na viwili, anatoa saba. Yale maneno ya "kopa kwa jirani" yanapata maana hapo. (Watoto wana haki ya kuuliza deni hilo hulipwa lini.) Ila darasa likifurika, vijiti vinamwagika sakafuni na kipindi kinaisha mafungu hayajakamilika.

Ndiyo maana wapo wanaotaka tuanze na fedha. Mtoto wa Pasua, hapa hapa Moshi, anayetumwa mkate anaijua mia na elfu kabla hajajua kuziandika. Ni kweli kabisa. Lakini shilingi kumi haionekani dukani, kwa hiyo mamoja na makumi, zinakoanzia nafasi zote, hayana cha kushika. Sarafu za 200 na 500 na noti za 2,000 na 5,000 nazo zinavuruga mpangilio wa kumi kumi. Tena noti ya elfu huwezi kuifungua ukakuta mia kumi ndani. Mtoto anaamini tu kwa kuwa kaambiwa.

Kwangu mimi vijiti vitangulie, hata kama watoto wanne watagawana rundo moja. Fedha ije kwenye mamia na maelfu, na iwe sarafu za 100 na noti za 1,000 pekee. Hapo inafaa hasa: mwenye noti ya elfu anayedaiwa mia tatu lazima atafute chenji, apate mia kumi, alipe tatu, abaki na saba. Kisha aandike elfu moja na mia tano. Akiandika 1000500, mchoree nafasi nne, apange noti na sarafu kila moja chini ya nafasi yake, ndipo ashike penseli tena.