Mlango wa Hopper hauna ngazi, na uzuri wake ndio huo

Kila nikikutana na ile picha ya mchoraji wa Kimarekani Edward Hopper, ya chumba kinachotazama bahari, kapsheni ni ileile: upweke. Tangu korona ya 2020, watu walipofungiwa ndani wakaanza kutumiana picha zake, huyu mzee kashapewa cheo cha mchoraji wa wapweke na ndio basi tena, yaani hata ukichora kiti kitupu leo utaambiwa umemuiga Hopper. Mi sikubali, angalau sio kwa picha hii.

Inaitwa Rooms by the Sea, ya mwaka 1951, rangi ya mafuta kwenye turubai, kama sentimita 74 kwa 101, sio kubwa kihivyo, inaenea vizuri tu ukutani sebuleni. Ilivyo ni hivi: kulia mlango uko wazi, na nje ya mlango ni bahari. Hakuna ufukwe, hakuna varanda, ni maji ya buluu moja kwa moja na anga juu yake. Jua limeingia kwa mlango huo likakata ukuta mshazari. Kushoto kuna uwazi mwembamba unaochungulia chumba cha pili, na humo unaona kochi jekundu, kabati la droo, na fremu ya picha ambayo imekatwa huwezi kuona ina nini. Mtu hayupo.

Sasa ule ukuta wa katikati ndio sehemu ambayo wengi wanaipita haraka wakimbilie mlangoni, wakati mi naona kazi yote iko pale. Ukuta ni mweupe lakini nyeupe yenyewe sio nyeupe, ikuze kwenye simu uone, penye jua imeelekea njano, penye kivuli imepoa ikaingia ubuluu na ukijivu, na mpaka kati ya hizo mbili umenyooka kama umepigwa rula. Hopper aliwahi kusema kwamba alichotaka yeye ni kuchora mwanga wa jua kwenye ubavu wa nyumba. Watu wanadhani alikuwa anakwepa maswali, mi namuamini kabisa. Alikuwa anachora polepole sana, picha chache tu kwa mwaka, na mtu wa kukaa muda wote huo na ukuta sio lazima awe na huzuni, anaweza kuwa ameridhika tu na anachokiona.

Turudi mlangoni maana hapo ndipo ubishi ulipo. Nyumba yenyewe ipo kweli, iko South Truro, Cape Cod, huko Massachusetts, juu ya kilima, yeye na mkewe Jo waliijenga 1934 kwa hela za urithi wa Jo wakawa wanakwenda karibu kila majira ya joto. Kutoka mlangoni hadi kwenye maji kuna mteremko na mchanga. Kwa hiyo mzee kaamua kufuta mteremko, kafuta mchanga, kafuta ngazi, akaleta bahari kizingitini. Mtu wa pwani akiiangalia picha hii kitu cha kwanza atauliza ni watoto, jamani hapo watoto wanalala wapi, cha pili atauliza hizo bawaba zitadumu miezi mingapi na chumvi yote hiyo. Nyumba zetu za mawe za zamani, za Lamu na Unguja, hazikuwa na papara ya bahari hivyo, unaingia dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, mambo yenyewe yako ndani kwenye kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba, na bahari ilikuwa ya kazi na safari. Hii habari ya kulipia kodi zaidi ili uone maji ni ya juzijuzi.

Lakini angeacha ngazi na mchanga pale, ingekuwa picha ya hoteli. Nzuri, ya kutundika mapokezi. Uongo wa mlango ndio unaokufanya usimame, kwa sababu kila kitu kingine ni cha kawaida kabisa, mlango wa kawaida, kochi la kawaida, kivuli kimekaa kinavyopaswa, halafu sakafu inaishia majini. Hajachora saa iliyoyeyuka wala samaki anayeruka hewani. Kadanganya mara moja, kwa sauti ya chini, na mengine yote kasema kweli.

Wanaosema picha inahusu kujiua wana kitu cha kushikilia, nikiri hilo, kwa sababu kwenye daftari la kazi zake imeandikwa kwamba picha ina jina la pili, ambalo ni kama Mahali pa Kurukia. Ila aliyekuwa anaweka hilo daftari ni Jo, na hapa ndipo naposhikwa na hasira kidogo. Josephine Nivison alikuwa mchoraji kabla ya kuolewa, na 1923 ndiye aliyewaambia watu wa makumbusho ya Brooklyn wamuangalie Hopper, wakanunua mchoro wake mmoja kwa dola 100, mambo yakaanza kumnyookea. Wakaoana 1924. Baada ya hapo ndiye karibu kila mwanamke unayemuona kwenye picha za mumewe, na ndiye karani wake. Leo tunazungumzia upweke wa Hopper kana kwamba alikuwa anaishi peke yake kwenye hiyo nyumba, ambayo hela yake, narudia, ilitoka kwa mama mwenye nyumba.

Halafu kuna hii niliicheka sana: aliyeiachia Chuo Kikuu cha Yale picha hii, Stephen Clark, utajiri wa familia yake ulitokana na cherehani za Singer. Zile zile za kukanyaga. Kwa hiyo mabibi zetu nao wamechangia kidogo.

Hoja yangu ya mwisho ni kile chumba cha kushoto. Mwaka 1963 Hopper alichora chumba kingine chenye jua na hakuweka chochote ndani, hata kigoda. Angetaka utupu alikuwa anajua kuutengeneza. Hapa kaacha kochi, kaacha kabati, na ukiangalia vizuri jua limepiga na ukuta wa huko, maana yake huko nako kuna uwazi mwingine unaoelekea majini. Hiyo ni nyumba inayokaliwa, mtu katoka kidogo. Na ndio maana inaniudhi watu wanapoikata iwe mraba ili ikae vizuri kwenye profaili, wanabaki na mlango na bahari, chumba cha pili kimeenda na maji, halafu ndio wanaandika upweke. Sasa si mmemfukuza wenyewe mwenye kochi?